Je, Wajua? Paka Ana Roho Moja Tu

Mtu akitoka mzima kwenye ajali ya tatu, mtaani husemwa ana roho ya paka. Wengine huhesabu kabisa: paka ana roho saba. Basi paka akichechemea tunamwacha, akisusa chakula siku mbili tunasema atajiponya, akijificha mvunguni mwa kitanda tunasema kachoka. Nimekua na paka tangu utotoni Tanga, nimezika kadhaa chini ya mwembe wa nyumba yetu, na leo ninajua kwamba kila mmoja wao alikuwa na roho moja kama mimi, na kwamba roho nyingi kati ya hizo zingeokoka. Haya ninayoandika mengine nimeyasoma, mengine nimeyalipia kwa machozi.

Je, wajua kwamba paka ni hodari wa kuficha maumivu?

Paka ni mwindaji, lakini kwa udogo wake naye huwindwa: na chatu, na tai, na chui, na mbwa wa jirani. Mnyama wa namna hiyo akionyesha udhaifu amejiuza. Ndiyo maana paka mwenye jino bovu huendelea kula, akitafunia upande mmoja, na mwenye nyumba haoni kitu mpaka siku anaposusa kabisa.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walichapisha kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa paka. Wanatazama vitu vitano: masikio, macho, mdomo, sharubu, na jinsi anavyobeba kichwa. Kila kimoja hupewa alama 0, 1 au 2. Masikio yaliyolala pembeni, macho yaliyofinywa, mdomo uliokazwa, sharubu zilizonyooka kuelekea mbele, kichwa kilichoshuka chini ya mabega: hizo ndizo alama za paka anayeumwa. Jumla ikifika 4 kati ya 10, anahitaji dawa ya maumivu. Huhitaji mashine wala maabara. Unahitaji kuujua uso wa paka wako siku alizo mzima, ili siku ukibadilika uutambue.

Usidanganywe na kukoroma kwake, kule kunguruma kwa chini anakofanya ukimpapasa. Paka hukoroma akiwa na raha, hukoroma akizaa, na wengine hukoroma wakiwa mahututi. Mwaka 2023 watafiti wa Vienna, Austria, walipitisha hewa kwenye zoloto za paka wanane waliokuwa wamekufa, na zoloto hizo zikakoroma zenyewe, mitetemo 25 hadi 30 kwa sekunde, bila ubongo kuziamuru.

Alama nyingine ni za kawaida, na kwa ukawaida wake hutupita. Paka aliyekuwa akiruka dirishani kwa mara moja sasa anapanda kiti kwanza. Aliyekuwa msafi ameacha kujilamba, manyoya ya mgongoni yamesimama. Mzee wa miaka kumi na mbili anakunywa maji kuliko zamani na kukojoa sana: hapo daktari atataka kupima figo, sukari, na tezi ya shingo. Paka anayehema mdomo wazi kama mbwa aliyekimbia, mpeleke saa hiyohiyo. Na paka mnene akisusa kula siku mbili tatu, usisubiri ya nne. Mwili wake huanza kuyeyusha mafuta, mafuta yakajaa kwenye ini, na ini likashindwa kazi. Anaweza kufa kwa njaa akiwa bado mnene.

Je, wajua kwamba methali yetu ilitangulia maabara?

Wahenga walisema: paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Tunaitumia kumsema mtu aliyeficha haja yake. Lakini isome kama ilivyo, na utaona kwamba waliomtazama paka jikoni waligundua kitu ambacho sayansi ilikithibitisha karne ya ishirini.

Paka anahitaji kiini kiitwacho taurini. Binadamu hujitengenezea mwilini, mbwa wengi vilevile. Paka hawezi kutengeneza cha kumtosha. Lazima akipate kwenye nyama, na kwenye mimea hakuna cha maana. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka waliokosa taurini huharibika retina ya jicho na kupofuka. Miaka kumi na miwili baadaye, 1987, daktari Paul Pion wa Chuo Kikuu cha California, Davis, akaonyesha kwamba upungufu huohuo huudhoofisha moyo: unatanuka, unalegea, unashindwa kusukuma damu. Paka wengi walikuwa wamekufa kwa moyo huo, wakiwa wanakula vyakula vya viwandani vilivyoaminika. Viwanda vikaongeza taurini, na ugonjwa ukapungua sana. Panya, kwa upande wake, anayo ya kutosha katika misuli na moyo wake.

Sasa tazama sahani ya paka wa kwetu. Wali uliolowekwa mchuzi. Ugali na maziwa. Anakula, kwa sababu njaa haina adabu, na mchuzi una harufu ya samaki. Lakini anashiba tumbo huku mwili una njaa. Kama huna uwezo wa kununua chakula cha dukani, na wengi wetu hatuna, mpe dagaa waliochemshwa, vichwa vya samaki, firigisi, moyo wa kuku au wa ng'ombe, na wali uwe wa kusindikiza tu. Vichemshe kwa maji matupu, na supu yake umpe pia, kwa sababu taurini huyeyukia humo. Mpikie kabla hujakaanga kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, hupasua chembe nyekundu za damu ya paka, na mchuzi wetu gani hauna kitunguu?

Samaki mbichi nao wasimzoee. Baadhi ya aina wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka akila hao tu kwa wiki kadhaa, shingo yake huinama kuelekea kifuani hawezi kuinua kichwa, kisha huja degedege. Moto wa jikoni huua kimeng'enya hicho. Maziwa ya ng'ombe, picha ya kila kitabu cha watoto, huwaharisha paka wengi wakubwa kwa sababu hawawezi tena kusaga sukari yake. Na utamu wenyewe hawaujui: mwaka 2005 ilibainika kwamba jeni inayohitajika kwa ulimi kuonja sukari imeharibika kwa paka wote, kuanzia wa nyumbani hadi chui milia. Akilamba aiskrimu ya mtoto wako, anafuata mafuta.

Je, wajua kwamba kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka mzima?

Hili naliandika kwa herufi nzito moyoni mwangu, maana kila nyumba ina kidonge hicho, na anayekitoa hukitoa kwa upendo. Paka ana homa, mama anakata nusu kidonge, anakiponda, anakichanganya na samaki.

Ini la binadamu huishika dawa hiyo, huifunga kwa kiini chenye asili ya sukari, na kuitoa kwenye mkojo. Kwa paka kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo hakipo kwa nguvu ya kutosha. Jeni yake iliharibika zamani sana katika ukoo wao. Dawa inabaki, inageuka sumu, na damu inapoteza uwezo wa kubeba oksijeni. Ndani ya saa chache ufizi, ambao kwa paka mzima ni waridi, huwa wa kijivu au hudhurungi. Uso huvimba, nyayo huvimba, anahema. Ukimuwahisha, daktari anayo dawa ya kuzuia sumu hiyo, ileile wanayopewa watu waliozidisha parasetamoli hospitalini. Ukisubiri asubuhi, huenda hutakuwa na wa kumpeleka.

Aspirini, dozi ambayo kwetu huisha kwa saa chache, ndani ya paka hukaa siku kadhaa. Ibuprofeni na diklofenaki humharibia figo na tumbo. Na dawa za viroboto za mbwa, hasa zenye permethrini, humtia paka mtetemeko na degedege. Kiasi kidogo kilichopakwa mgongoni kwa mbwa aliyelala naye mkeka mmoja kinaweza kutosha. Dawa ya kupe ya kunyunyizia ng'ombe pia si yake, hata ukiizimua mara mia. Hesabu ya mwili wa kilo nne si hesabu ya kukadiria kwa kifuniko cha chupa.

Je, wajua kwamba paka wako ni mtoto wa nchi kame?

Mwaka 2007 uchunguzi wa jenetiki ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka mwitu wa Mashariki ya Kati, ndugu wa yuleyule tunayemwita kimburu, ambaye hadi leo anazunguka kwenye nyika za Afrika Mashariki na huzaana na paka wa vijijini. Huko Saiprasi, mwaka 2004, wachimbaji wa mambo ya kale walitangaza kaburi la miaka 9,500 ambamo mtu alizikwa na paka pembeni yake. Urafiki huu ni wa zamani.

Mnyama aliyetoka nchi kame hanywi sana. Figo zake hubana mkojo ukawa mzito kuliko wetu, na maji mengi aliyazoea kuyapata ndani ya windo lenyewe, maana panya kwa sehemu kubwa ni maji. Ukimlisha chakula kikavu tupu na kumwekea kibakuli kimoja cha maji jirani na sahani, mara nyingi hatafidia maji yaliyopungua. Mwekee vibakuli viwili vitatu, vipana, mbali na chakula, na maji yabadilishwe kila siku. Ongeza maji kwenye dagaa zake.

Nayasema haya kwa sababu ya Kungu.

Kungu alikuwa dume, wa rangi ya tungule lililoiva, kilo tano na nusu. Ijumaa moja jioni nilimwona akichuchumaa kwenye sanduku lake la mchanga, akikaa, akiondoka, akirudi. Nikadhani amefunga choo. Nikampa kijiko cha mafuta ya nazi, kama bibi alivyotufundisha. Jumamosi alikaa mvunguni. Jumapili alitapika, nikasema mafuta yamemkataa. Jumatatu asubuhi nilimbeba hadi kwa daktari wa mifugo, mzee mmoja mpole, akamgusa tumbo, akaniangalia. "Mwanangu," akasema, "huyu hakufunga choo. Kafunga mkojo." Kibofu kilikuwa kigumu kama chungwa. Kungu alikata roho saa sita mchana, dripu ikiwa mguuni.

Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba mno, na huweza kuzibwa na ute uliochanganyika na chembechembe kama mchanga. Mkojo ukikosa njia, sumu hurudi kwenye damu, madini ya potasiamu hupanda, na moyo husimama. Muda wote alionao ni siku moja, mbili, tatu kwa bahati. Tiba ipo: nusukaputi, mpira wa mkojo mwembamba wa kuzibua, dripu, na siku chache za kuangaliwa. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu, au anayelia akichuchumaa, au anayejilamba sehemu zake bila kuacha, si wa kusubiri Jumatatu. Jike hupata shida ya kibofu pia, lakini mrija wake ni mpana, kuziba ni nadra.

Je, wajua kwamba hakuna nyumba "isiyokaa paka"?

Utasikia: nyumba ile haikai paka, kila wakileta kitoto kinakufa. Majirani hutafuta jicho baya, au mkono wa mtu. Mara nyingi mkosaji yuko sakafuni. Kuna virusi viitwavyo panleukopenia, vinavyofyeka chembe nyeupe za damu, kinga yenyewe ya mwili, na kuharibu utumbo. Kitoto cha paka kinatapika, kinaharisha, kinakaa mbele ya bakuli la maji kichwa kikining'inia bila kunywa, na ndani ya siku chache kimekufa. Virusi hivyo vinaweza kuishi ndani ya nyumba hata mwaka mzima: kwenye nyufa za saruji, kwenye mkeka, kwenye kikapu alicholalia marehemu. Sabuni ya kawaida haiviwezi. Klorini ya kufulia nguo nyeupe, ikizimuliwa na kuachwa dakika kumi kwenye sakafu iliyokwisha kusafishwa, huviua.

Na ipo chanjo, tena ni moja ya chanjo bora alizo nazo paka. Huanza akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki kumi na sita, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake huweza kuizima ile ya mwanzo. Sindano hiyohiyo kwa kawaida humkinga na mafua mawili ya paka yanayopofusha vitoto kwa usaha wa macho. Ukileta kitoto kipya kwenye nyumba iliyofiwa, kichanje kwanza, kisha kilete.

Je, wajua kwamba kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake?

Jina linatupotosha. Paka huugua, na paka humwambukiza mtu kwa meno yake, ambayo ni membamba kama sindano na hupeleka mate ndani sana ya nyama. Idadi kubwa kabisa ya watu wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani huumwa na mbwa, lakini paka mpole anayebadilika ghafla kuwa mkali, au paka shume wa mitaani anayekuvamia bila sababu, asidharauliwe. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Chanjo ya paka hutolewa akifika miezi mitatu, na hurudiwa baada ya mwaka. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika wilaya nyingi hutolewa chanjo bila malipo. Watu hupanga foleni na mbwa. Panga nawe, na paka wako kwenye kikapu.

Je, wajua kwamba ikweta huwazalisha paka mwaka mzima?

Kwenye nchi za baridi paka jike hupumzika majira ya giza, kwa sababu mwili wake hufuata urefu wa mchana. Kwetu mchana ni karibu saa kumi na mbili Januari na ni karibu saa kumi na mbili Julai. Hakuna kinachomwambia pumzika. Anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, huibeba kwa siku 63 hadi 65, na hushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Tena vitoto vya uzao mmoja vinaweza kuwa na baba tofauti, maana yai hutoka kwa kupandwa, na akipandwa na madume watatu, kila mmoja huenda akaacha wake.

Matokeo tunayaona sokoni: gunia lililofungwa, likilia kwa sauti nyembamba. Sijui namna ya kuliandika hili kwa upole. Kumfunga paka kizazi ni upasuaji wa muda mfupi, na kumhasi dume ni mfupi zaidi. Ile kauli kwamba lazima azae kwanza mara moja haina msingi. Kinyume chake, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba jike aliyefungwa kizazi kabla ya miezi sita hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 91, na saratani hiyo kwa paka huwa mbaya mara nyingi. Dume aliyehasiwa hupigana kidogo, hivyo hupata majipu kidogo na virusi kidogo vinavyoenezwa kwa kung'atana. Ukiona paka wa mtaani ambaye ncha ya sikio moja imekatwa sawasawa, usimwonee huruma. Hiyo ndiyo alama inayotumika sehemu nyingi duniani kuonyesha kwamba alishikwa, akafanyiwa upasuaji, akarudishwa kwao. Wala hakuhisi, alikuwa usingizini.

Wapo wanaosita kwa ajili ya dini, na ni vizuri wamuulize sheikhe wao. Lakini sote tuliosoma madrasa tumesikia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala ruhusa ya kujitafutia, na ya sahaba Abu Huraira, ambaye jina lake maana yake ni baba wa kipaka.

Je, wajua kwamba mjamzito hana haja ya kumfukuza paka?

Kila mwaka paka kadhaa hutupwa kwa sababu shangazi kasema wanaharibu mimba. Msingi upo: kimelea cha toksoplazma hukomaa ndani ya utumbo wa paka, na kikimpata mjamzito kwa mara ya kwanza kinaweza kumdhuru mtoto. Lakini paka hukitoa kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu tu, kwa kawaida mara moja maishani, na kinyesi hicho huhitaji siku moja hadi tano kabla hakijaweza kuambukiza. Mchanga ukisafishwa kila siku, na mtu mwingine wa nyumbani, hatari hupungua sana. Nyama isiyoiva na mchicha usiooshwa vizuri ndivyo vya kuangaliwa zaidi. Mume ashike koleo la mchanga kwa miezi tisa; paka abaki.

Je, wajua kwamba jua la Pwani huwapa paka saratani?

Huwapata weupe, na wale wenye masikio na pua nyeupe. Ngozi isiyo na rangi chini ya manyoya machache ya ncha ya sikio huungua kila siku, miaka kwa miaka. Huanza kama ukurutu mwekundu, kisha kidonda kisichopona, na mwenye nyumba hudhani kapigana. Kikionwa mapema, daktari hukata ncha ya sikio na paka hupona. Kikichelewa, kinakula sikio zima na kuendelea. Paka mweupe apewe kivuli kuanzia saa nne hadi saa kumi. Na kama ana macho yote mawili ya samawati, mpigie makofi nyuma yake: wengi wa hao huzaliwa viziwi, jambo ambalo Charles Darwin alilitaja mwaka 1859. Kiziwi huishi vizuri kabisa, mradi asiachwe barabarani.

Mambo mengine nayapitia haraka. Punje kama za mchele chini ya mkia wa paka ni vipande vya tegu, na tegu huyo aliingia paka alipomeza kiroboto. Ukimpa dawa ya minyoo bila kuua viroboto, mwezi ujao tegu watarudi. Paka wa kiasili wa Kenya, Sokoke, aliyetambuliwa mwaka 1978 karibu na msitu wa Arabuko Sokoke na kupelekwa Denmark miaka ya themanini, ana manyoya mafupi yenye mabaka kama magome ya mti, na hana koti la ndani la kumkinga baridi. Ukiishi na paka ghorofani, usiamini kwamba hutua kwa miguu bila madhara: madaktari wa New York walihesabu paka 132 walioanguka kutoka madirishani ndani ya miezi mitano, ripoti ikatoka 1987, na ingawa takriban asilimia 90 ya waliotibiwa walipona, walipona kwa kutibiwa, wengi wakiwa na mapafu yaliyojeruhiwa au taya zilizovunjika. Weka wavu dirishani.

Je, wajua kwamba dawa ya UVIKO ina ndugu aliyewaokoa paka?

Kuna ugonjwa wa virusi vya korona vya paka, ambao hujaza maji tumboni au kifuani na huwashika zaidi paka wadogo. Kwa zaidi ya nusu karne ulikuwa hukumu ya kifo. Daktari akiutaja, mwenye paka aliaga. Mwaka 2019 Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwatibu paka 31 kwa kiini kiitwacho GS-441524, na zaidi ya 20 wakapona. Mwaka uliofuata dunia ikaanza kuisikia remdesivir, dawa iliyotumika kwa wagonjwa wa UVIKO: mwilini hugeuka kuwa kiini hichohicho. Tiba hiyo bado ni ghali na ni ngumu kuipata kwetu. Lakini nilipolisoma nililia, kwa sababu nilizika wawili wenye tumbo la maji, na niliambiwa hakuna duniani atakayeweza.

Je, wajua kwamba safari ya kwa daktari huanzia wiki moja kabla?

Wanaosomea udaktari wa wanyama Sokoine pale Morogoro, Kabete jijini Nairobi au Makerere hufundishwa paka pia, ingawa mtaani tunawaita mabwana mifugo kana kwamba kazi yao ni ng'ombe peke yake. Lamu, mji wa paka, una kliniki ya wanyama. Shida ya wengi wetu ni kumfikisha. Tunamkamata siku yenyewe, tunamsukumiza kwenye gunia, tunampakia bodaboda, naye anafika amejikojolea, moyo ukimdunda mara zaidi ya mia mbili kwa dakika, na daktari hawezi kujua ni ugonjwa au ni hofu.

Tafuta tenga imara lenye kifuniko. Liweke sebuleni wazi, siku zote, liwe kitu cha nyumbani. Ndani tandika kanga uliyoivaa bila kuifua, yenye harufu yako, na kila jioni tupia humo dagaa mmoja. Siku ya kwanza atalizunguka. Siku ya tatu ataingiza kichwa, ale, atoke. Kisha utamwona akilisugua kwa shavu lake, pande zote, akiacha hapo harufu yake mwenyewe, ndiyo namna yake ya kusema pamekuwa pake. Mtazame wakati huo na umfumbie macho polepole, uyafumbue polepole. Watafiti wa Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2020 kwamba paka hujibu ishara hiyo, na humsogelea zaidi mtu anayeifanya. Tenga la kwanza nililolizoesha hivyo lilikuwa la Tungule, bintiye Kungu. Asubuhi ya chanjo yake niliamka nikamtafuta nyumba nzima, uani, juu ya tangi, mvunguni. Alikuwa amelala ndani ya tenga, kanga imemfunika mkia.